Kabla ya Kuiamini Namba ya Maabara

Bila shaka umewahi kutolewa damu katika maabara, ukaketi kwenye benchi kungoja, kisha ukakabidhiwa karatasi yenye safu za namba. Uliitazama karatasi hiyo kama mwanafunzi anavyotazama matokeo ya mtihani. Namba iliyotiwa alama kando yake ilikutia wasiwasi hata kabla hujaingia kwa daktari. Ni watu wachache sana ambao huuliza: je, mashine iliyotoa namba hii ilikaguliwa leo asubuhi? Na ikiwa ilikaguliwa, ni nani aliyeyasoma matokeo ya ukaguzi wenyewe?

Wiki hii ningependa tuzungumze juu ya swali hilo. Nimelichagua kwa sababu ya kisa kilichotokea katika kliniki yangu, ambapo mtu asiye mgonjwa aliambiwa kuwa ana kisukari, na mgonjwa wa kisukari akanusurika kuongezewa dawa ambayo ingeweza kumwangusha. Mashine haikuwa imeharibika. Ilikuwa imeambiwa uongo, nayo ikaurudia kwa uaminifu.

KISA CHENYEWE

Siku ya Jumatatu aliingia kwangu mama mmoja mwenye duka la vitambaa, mwenye umri wa miaka 46. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amekwenda kupimwa kwa sababu dadake alikuwa amegunduliwa kuwa na kisukari, naye akaona heri ajue hali yake mapema. Alikuwa hajala kitu tangu usiku, kama inavyotakiwa. Karatasi ya maabara ilionyesha kwamba sukari katika damu yake ilikuwa milimoli 7.2 kwa lita.

Kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtu ambaye hajala kwa saa 8 au zaidi, akipatikana na sukari ya 7.0 au kupita hapo, huhesabiwa kuwa na kisukari. Lakini kanuni hiyo ina sehemu ya pili, ambayo sisi madaktari huisahau tukiwa na haraka: ikiwa mtu hana dalili zozote, kipimo kimoja hakitoshi. Sharti apimwe tena siku nyingine. Nilimwuliza mama huyo kuhusu kiu, kukojoa mara kwa mara na kukonda, akasema hana hata moja. Hata hivyo, kwa kuwa dadake alikuwa na ugonjwa huo, nilimwambia kwamba naye anao, nikamwandikia tembe za metformini siku iyo hiyo. Hapo nilikosea, na kosa hilo lilikuwa langu, si la mashine.

Siku ya Jumanne walikuja wawili wengine kutoka maabara ile ile, sukari zao zikiwa zimepita mpaka kidogo tu. Mmoja alikuwa kijana aliyekuwa akifanyiwa uchunguzi wa afya ili aajiriwe. Yake ilikuwa 7.0 kamili. Alinitazama usoni akaniuliza, "Daktari, sasa kazi nimeikosa?"

Jumatano akaja mzee mmoja ambaye nimemtibu kisukari kwa miaka mingi. Yeye hutumia insulini. Maabara ilisema sukari yake ya asubuhi ilikuwa 10.1. Nilikuwa nimeshika kalamu tayari kumwongezea dawa. Mzee akatoa kijidaftari mfukoni, akafungua ukurasa wa siku hiyo na kunionyesha. "Lakini Daktari," akasema, "mashine yangu ya nyumbani asubuhi hii imesema 8.4, na wiki yote haijapita 9. Nimwamini nani?"

Niliiweka kalamu chini. Mashine ndogo za nyumbani hutofautiana na maabara, na tofauti moja kama hiyo pekee isingenishtua sana. Lakini watu wanne kwa siku tatu, wote kutoka maabara moja, wote wamepanda juu, lilikuwa jambo jingine. Niliwapigia simu watu wa maabara.

MASHINE HUPIMA VIPI?

Ili uelewe kilichogunduliwa, ni lazima kwanza ujue mashine hiyo hufanya nini. Usiogope, si jambo gumu.

Mashine haiwezi kuiona sukari. Kinachofanyika ni kwamba tone la maji ya damu, yaani ile sehemu ya manjano inayobaki baada ya chembe kutenganishwa, huchanganywa na kemikali ambayo hugeuka rangi inapokutana na sukari. Sukari ikiwa kidogo, rangi huwa hafifu. Sukari ikiwa nyingi, rangi hukolea. Halafu taa humulika mwangaza kupitia kwenye mchanganyiko huo, na upande wa pili kuna kifaa kinachopima ni mwangaza kiasi gani umemezwa na rangi.

Ni kama chai ya rangi ndani ya glasi. Ukiinua glasi dirishani, unaweza kukisia kama majani yaliyotiwa ni mengi au machache kwa kutazama jinsi mwanga unavyopenya. Lakini huwezi kusema kwa hakika ni vijiko vingapi, isipokuwa kama kando yake unayo glasi nyingine ambayo unajua hasa ilitiwa vijiko vingapi. Hapo ndipo unaweza kulinganisha.

Mashine nayo huhitaji glasi hiyo ya pili. Maabara hununua kichupa maalum ambacho kiwango cha sukari ndani yake kimepimwa kwa uangalifu mkubwa na kiwanda, na kuandikwa kwenye karatasi inayokuja pamoja nacho. Tukiite sampuli ya kusawazishia. Mtaalamu wa maabara huiweka kwenye mashine na kuiambia, "Hii ni 10.0." Mashine huangalia mwangaza uliomezwa, kisha huhesabu kizidishio cha kutumia kwa damu za watu wote watakaofuata. Wataalamu huiita kazi hiyo kalibresheni. Sisi hapa tutaiita usawazishaji.

Ngoja nikupe mfano kwa namba nilizozirahisisha. Sampuli ya 10.0 ikimeza mwangaza wa kiasi cha 0.500, basi kizidishio ni 10.0 kugawanywa kwa 0.500, yaani 20. Damu yako ikimeza 0.295, mashine huzidisha 0.295 kwa 20 na kuandika 5.9. Hiyo ndiyo namba unayoletewa kwenye karatasi.

GOROGORO ILIYOBONYEZWA

Sasa fikiria sokoni. Wewe hununua mahindi au maharagwe kwa gorogoro. Ikiwa muuzaji ameubonyeza upande wa chini wa mkebe wake kuingia ndani, kila mteja atakayepimiwa siku hiyo atapunjwa, kwa kiasi kile kile, na muuzaji ataapa kwamba amekujazia mkebe hadi pomoni. Hasemi uongo, mkebe umejaa kweli. Ubovu uko kwenye kipimo.

Hivyo ndivyo usawazishaji mbaya unavyofanya kazi. Mashine ikisawazishwa vibaya saa 2 asubuhi, itapima vibaya damu ya kila mtu hadi itakaposahihishwa. Haitalia, haitawasha taa nyekundu, wala karatasi yake haitatoka chafu. Itaandika namba zenye desimali, safi kabisa, na kila moja itakuwa imepotoka kwa kiasi kile kile. Kosa la kuchanganya chupa za damu humdhuru mtu mmoja au wawili. Kosa la usawazishaji huwadhuru wote waliosimama kwenye foleni.

KILICHOGUNDULIWA

Mtaalamu wa maabara niliyeongea naye alikuwa mtu mwaminifu. Hakubishana nami. Aliniomba nimpe muda wa saa moja, akaenda kufungua kumbukumbu za mashine.

Jumapili usiku sampuli yao ya kusawazishia ilikuwa imekwisha. Jumatatu asubuhi wakafungua nyingine, kutoka toleo jipya la kiwanda. Kila toleo huja na karatasi yake, kwa sababu viwango havifanani kati ya toleo moja na jingine. Toleo la zamani lilikuwa 10.0. Toleo jipya lilikuwa 8.2. Aliyekuwa zamu hakuiingiza namba mpya kwenye mashine. Kwa hiyo mashine iliwekewa kitu cha 8.2, lakini ikaendelea kuamini kuwa ni cha 10.0.

Tazama matokeo yake. Sampuli ya 8.2 ilimeza mwangaza wa 0.410 peke yake. Mashine ikagawanya 10.0 kwa 0.410 na kupata kizidishio cha 24.4 badala ya 20. Damu ya yule mama, iliyomeza 0.295, sasa ilizidishwa kwa 24.4, na jibu likawa 7.2. Ukweli ni kwamba sukari yake ilikuwa 5.9, chini ya 6.1 ambapo Shirika la Afya Duniani huanza kuhesabu kuwa sukari ya asubuhi si ya kawaida. Yule kijana wa kazi hakuwa na 7.0 bali 5.7. Na mzee wangu alikuwa na 8.3, karibu sawa kabisa na daftari lake.

Kama ningemwongezea mzee insulini kwa sababu ya ile 10.1, mwili wake ungepata dawa nyingi kuliko sukari iliyokuwamo. Mtu akishukiwa na sukari hutokwa na jasho, hutetemeka, huchanganyikiwa, na asiposaidiwa upesi huzimia. Mzee huyo huishi na mjukuu ambaye mchana huwa shuleni.

JE, UKAGUZI HAUKUWAPO?

Msomaji utauliza, na una haki: je, hakuna njia ya kuligundua kosa kama hilo kabla halijamfikia mgonjwa? Ipo. Tena ni ya zamani. Mwaka 1950 wataalamu wawili, Levey na Jennings, walichapisha njia ya kutumia chati katika maabara za hospitali, njia ambayo ilikuwa tayari ikitumiwa viwandani. Kila siku maabara hupima sampuli nyingine ambayo kiwango chake kinajulikana. Hii si ile ya kusawazishia. Kazi yake ni kuikagua mashine baada ya kusawazishwa. Matokeo huwekwa kama nukta kwenye chati yenye mstari wa katikati na mipaka ya juu na chini. Mashine ikiwa sawa, nukta huchezacheza karibu na mstari wa katikati. Ikiruka nje, au zikifuatana nukta nyingi upande mmoja, kuna jambo. Mwaka 1981 Westgard na wenzake waliweka kanuni za kuamua lini nukta hizo ni za kupuuzwa na lini kazi isimamishwe.

Katika maabara hiyo, sampuli za ukaguzi zilipimwa Jumatatu asubuhi, zote mbili. Ya chini, ambayo ilipaswa kuwa karibu na 5.5, ilisoma 6.7. Ya juu, iliyopaswa kuwa 15.0, ilisoma 18.3. Mashine ilikuwa imesema ukweli juu yake yenyewe. Lakini mwisho wa juma stima zilikuwa zimepotea kwa saa kadhaa, na aliyekuwa zamu akadhani kwamba sampuli za ukaguzi zimeharibika ndani ya friji. Akafungua chupa mpya, akapata namba zile zile. Foleni ilikuwa ndefu. Akaandika kwenye daftari kwamba atamwuliza fundi, kisha akaendelea kupima damu za watu.

Laiti angezitazama namba hizo mbili kwa pamoja, angeona kitu. Zote mbili zilikuwa zimepanda kwa asilimia 22. Chupa iliyoharibika kwa joto haiharibiki kwa mpango namna hiyo. Sampuli ya chini na ya juu zinapopanda kwa uwiano mmoja, wa kwanza kushukiwa ni kizidishio, na kizidishio hutoka kwenye usawazishaji.

KUSAHIHISHA SI KULAZIMISHA NAMBA

Hapa ndipo penye funzo kubwa, na ndiyo sababu nimeona nikueleze jambo ambalo kwa kawaida hubaki nyuma ya dirisha la maabara.

Mtaalamu mwenye haraka anaweza kuirekebisha hali hiyo kwa dakika moja. Mashine nyingi humruhusu mtumiaji kubadili kizidishio kwa mkono. Anaweza kukipunguza kidogo kidogo hadi sampuli ya ukaguzi isome 5.5, nukta irudi katikati ya chati, na kila mtu afurahi. Lakini huko ni kuziba masikio ya mashine. Sababu ya kosa ingali pale, na kesho italeta kosa jingine ambalo hakuna atakayelitambua.

Njia iliyo sawa ni ndefu zaidi. Kwanza, maabara huacha kutoa matokeo ya kipimo hicho. Pili, hufungua takwimu za usawazishaji wa mwisho na kuzilinganisha na za nyuma yake. Kizidishio kilichokuwa karibu na 20 kwa miezi mingi hakiwezi kuamka siku moja kikiwa 24.4 bila sababu. Huangaliwa pia kama sampuli ya kusawazishia ilipimwa zaidi ya mara moja, na kama majibu hayo yanakaribiana. Huangaliwa kipimo cha maji matupu, ambacho huonyesha kama kemikali yenyewe imechacha. Tena huangaliwa namba ya toleo kwenye kichupa, namba kwenye karatasi ya kiwanda, na namba iliyoingizwa kwenye mashine. Namba hizo tatu ni lazima zipatane.

Tatu, hutafutwa sababu. Wakati mwingine ni kama hii tuliyoieleza. Wakati mwingine ni taa ya mashine iliyozeeka na kupungua nguvu, maji ya kuoshea yasiyo safi, kemikali iliyopita muda wake, joto la mashine lililoshuka chini ya digrii 37, au sampuli ya unga iliyochanganywa na maji kwa kipimo kisicho sawa. Nne, sababu ikishaondolewa, mashine husawazishwa upya na sampuli za ukaguzi hupimwa tena, ya chini na ya juu.

Tano, na hili ndilo linalosahaulika zaidi, maabara hurudi nyuma. Hutafuta ni lini mara ya mwisho ukaguzi ulikuwa sawa, na matokeo yote yaliyotolewa tangu hapo huwekwa kwenye shaka. Damu zilizohifadhiwa vizuri hupimwa tena. Zisizohifadhiwa, wenyewe huitwa. Karatasi mpya huandikwa wazi kwamba ni marekebisho ya karatasi ya awali, na ile ya awali haifutwi katika kumbukumbu, ili daktari ajue ni uamuzi gani alioufanya kwa kutegemea namba mbovu.

Maabara ile ilifanya hayo yote. Walikuwa wametenganisha maji ya damu na kuyaweka kwenye friji, kwa hiyo wengi walipimwa upya bila kuchomwa sindano tena. Alasiri ya Alhamisi nililetewa karatasi zenye marekebisho.

SI JAMBO LA HAPA PEKEE

Usifikiri kwamba makosa haya ni ya nchi maskini. Mwaka 2004 taasisi ya taifa ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, ilitoa ripoti kuhusu hasara inayoletwa na makosa ya usawazishaji katika kipimo cha kalsiamu ya damu. Ilikadiria kwamba kupotoka kwa miligramu 0.1 hadi 0.5 tu kwa desilita kungeweza kuigharimu nchi hiyo kati ya dola milioni 60 na milioni 199 kwa mwaka, kwa kuwafanyia watu uchunguzi na matibabu yasiyohitajika. Na mwaka 2024, katika mji wa Luton nchini Uingereza, wagonjwa wapatao 11,000 walihitajika kupimwa upya, baada ya kugunduliwa kwamba mashine ya hospitali ya kupima wastani wa sukari wa miezi mitatu ilikuwa ikitoa matokeo yasiyo sahihi.

Wala kosa si lazima liwe la kupandisha. Kizidishio kikishuka, mgonjwa huambiwa ni mzima. Mwenye figo zinazoanza kuchoka hurudi nyumbani akiwa na furaha, na hurudi hospitalini wakati ambapo ya kufanywa yamebaki machache. Kosa linalompa mtu ugonjwa asiokuwa nao humfanya aulize maswali. Kosa linaloficha ugonjwa hakuna anayelilalamikia.

SI KILA KOSA NI LA MASHINE

Ni haki pia niitetee maabara. Makosa mengi hutokea kabla damu haijaifikia mashine. Damu ikikaa kwenye chupa ya kawaida bila kutenganishwa, chembe zilizo hai huendelea kuila sukari, nayo hupungua kwa takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa katika joto la kawaida la chumba. Ndiyo sababu damu ya kupima sukari mara nyingi hutiwa katika chupa ya kifuniko cha kijivu yenye dawa ya kupunguza ulaji huo. Damu ikitolewa kwa kuvutwa kwa nguvu au kutikiswa sana, chembe hupasuka na potasiamu huonekana juu kuliko ilivyo mwilini. Na mgonjwa aliyekunywa chai ya maziwa na sukari saa 12 asubuhi, halafu akasema hajala, asimlaumu mtu.

Kuna na suala la vipimo vyenyewe. Hapa Kenya sukari huandikwa kwa milimoli kwa lita. Jamaa yako aliye Marekani ataletewa kwa miligramu kwa desilita. Akikuambia sukari yake ni 126, usipige mayowe. Gawanya kwa 18 utapata 7.0.

UFANYE NINI?

Wewe msomaji huwezi kuingia maabara na kufungua mashine. Lakini yako mambo unayoweza kufanya.

Kwanza, weka karatasi zako zote za maabara mahali pamoja, kwa tarehe. Mwili haubadiliki ghafla bila sababu mara nyingi. Namba iliyoruka mbali na za nyuma, nawe hujisikii tofauti, inastahili kurudiwa.

Pili, usikubali kuanzishiwa dawa ya maisha kwa kipimo kimoja, ikiwa huna dalili na namba imepita mpaka kidogo tu. Mwambie daktari kwa heshima, "Ningeomba nipimwe tena." Daktari mwema hatakasirika. Lakini ikiwa una dalili kali, au namba iko juu sana, usicheleweshe matibabu kwa kungoja kipimo cha pili.

Tatu, ikiwa tayari unatumia dawa, usiiache wala kuipunguza kwa sababu umesoma makala haya. Nenda ukaulize kwanza.

Nne, kama una mashine ya sukari nyumbani, andika matokeo daftarini pamoja na saa, kisha lilete daftari hilo kliniki. Fahamu kwamba viwango vya kimataifa vya mwaka 2013 huziruhusu mashine hizo kutofautiana na maabara kwa asilimia 15 juu au chini, sukari ikiwa 5.55 au zaidi. Kwa hiyo iliyo 10.0 kwa kweli inaweza kusomeka 8.5 au 11.5. Linganisha mwenendo wa siku nyingi badala ya kung'ang'ania namba moja. Angalia tarehe ya mwisho ya vijiti vya kupimia, na ufunge kichupa chake vizuri, kwa maana unyevu huviharibu.

Tano, chagua maabara iliyosajiliwa. Bodi inayosimamia wataalamu wa maabara humu nchini iliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na cheti chapaswa kuwa ukutani. Maabara nyingine zimekwenda mbali zaidi na kupata ithibati ya kiwango cha kimataifa cha ISO 15189. Uliza pia kama hushiriki mpango wa kupimwa kutoka nje, ambapo maabara hutumiwa sampuli bila kujua kiwango chake, kisha majibu yao hulinganishwa na ya wengine. Anayeifanya kazi yake vyema hujibu maswali hayo kwa fahari.

Nilimpigia simu yule mama jioni ya Alhamisi iyo hiyo. Nilimwomba msamaha, nikamweleza kwamba sukari yake ilikuwa 5.9 na aache tembe. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba usiku tatu zile hakulala, na kwamba alikuwa amekwisha kuwaambia watoto. Nikamwomba arudi wiki iliyofuata tupime tena, kwa sababu ya dadake. Alirudi. Ilikuwa 5.8, na tutampima kila mwaka. Kijana alipata kazi. Mzee bado huja na kijidaftari chake, na siku hizi mimi hukisoma kwanza kabla sijaifungua karatasi ya maabara.